Kaunta Buku Yangu na Vidokezo Saba

Rafu yangu ina kaunta buku sita zilizojaa. Wanaotafuta siri humo watachoka bure: kuna misemo niliyoipenda, habari za siku, na vijambo vya mtaani ambavyo visipoandikwa Jumatatu, Ijumaa vimeshasahaulika. Kama nawe unataka kuanza, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Nunua daftari la bei chee. Lile la jalada la ngozi utaliogopa. Nilizawadiwa moja, na mpaka leo kilichoandikwa humo ni jina langu tu. Simu nayo inafaa, ila ukiishika uandike msemo, baada ya nusu saa utajikuta unamtazama mtu anayekaanga samaki.

2. Msemo uandike pamoja na mahali ulipoukuta. Kidokezo chenye uzito ni hiki. Vingine ni chumvi. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalopeleka salamu. Zamani mimi na dada yangu tulipanga chumba Tanga, kwenye nyumba yenye uwani mmoja. Mpangaji mwenzetu alikuwa akiuza vitumbua getini, na vilimtoka. Jirani wa chumba cha pili naye akaleta jiko lake palepale. Kesho yake kanga ikaanikwa katikati ya uwani: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mimi nilikuwa upande wa pili wa kamba, nikaisoma kinyume, herufi zimegeuka kama kwenye kioo. Saa sita ilishakauka. Magharibi bado ilikuwa pale, na mwenyewe amekaa mlangoni anachambua mchele. Siku ya tatu yule jirani akatoka na kanga mpya kiunoni: "Japo sipati tamaa sikati." Hakuna aliyempazia mwenzake sauti. Ningenakili maneno peke yake, leo ningebaki na mistari miwili ya kitambaa.

3. Kabla ya kuandika "alisema fulani", chunguza. Kuna aya moja inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kuhusu hofu na nuru iliyo ndani yetu, ikidaiwa kuwa ya Nelson Mandela siku alipoapishwa mwaka 1994. Hakuitamka. Ni ya Marianne Williamson, mwandishi wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992. Mzee Mandela na Mwalimu Nyerere wamebebeshwa maneno mengi mno, na hawapo tena wa kuyakana.

4. Habari kubwa iandike ilivyofika kijiweni. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alitangazwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi. Redio na magazeti yalitosha kueleza kwamba alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, na kwamba huandika kwa Kiingereza. Mimi niliandika ya kwenye benchi la muuza kahawa. Ubishi ulikuwa mkali: huyu ni wetu au ni wa Waingereza? Vikombe vikapoa. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Kwani kitabu chake kimoja shilingi ngapi?" Benchi zima likatazamana.

5. Tarehe, kila mara. Mwaka pia! Nina ukurasa mzima wa "leo mvua imevunja daraja" na sijui ni leo ya lini.

6. Andika bei. Fungu la nyanya, nauli, kilo ya sukari. Wakati wa kuandika utaona ni upuuzi. Ukirudi kusoma baada ya miaka mitano, ukurasa huo ndio utakaowasomea wageni, nao watabisha.

7. Acha nafasi pembeni, na mpe mtu mmoja unayemwamini asome. Nilimpa dada yangu ile ya Tanga. Akairudisha baada ya wiki, hakusema neno. Nilipofungua ukurasa wa kanga nikakuta mwandiko wake wa penseli: "Havikuwa vitumbua, yalikuwa maandazi. Na ile kanga ya kwanza aliiazima kwangu."