Kabla Stelingi Hajatokea

Maswali ya wasomaji kuhusu mabango na mianzo ya filamu za taharuki. Anayejibu ni mhariri wa filamu.

Kila filamu ina taharuki kidogo. Kwa nini baadhi tu ndizo huitwa filamu za taharuki?

Kwa sababu humo taharuki si kiungo, ndiyo ugali wenyewe. Alfred Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu. Watu wamekaa mezani wanazungumza, mara bomu linalipuka chini ya meza: mtazamaji atashtuka kwa sekunde 15, basi. Lakini mwonyeshe kwanza bomu likitegwa, mwonyeshe na saa ya ukutani, kisha waache wale watu waendelee na porojo zao. Hapo umepata dakika 15 za mtazamaji kutamani kuwapigia kelele wainuke wakimbie. Karibu yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye jambo hilo moja: nani anajua, na nani hajui.

Tupe mwanzo mmoja unaoonyesha hilo.

*Touch of Evil* ya Orson Welles, 1958. Mikono inashika bomu na kulitegea muda. Mwenye mikono anakimbia, analitumbukiza ndani ya buti la gari, anapotea gizani. Mzee mmoja na mwanamke aliyefuatana naye wanapanda gari lile, nalo linaondoka taratibu kupita katika mji wa mpakani, kati ya Marekani na Meksiko. Shoti hiyo haikatwi kwa zaidi ya dakika tatu. Kamera inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalipoteza gari na kulikuta tena. Mbuzi wanaziba njia. Maharusi wawili wanatembea kwa miguu, mara mbele ya gari, mara ubavuni mwake. Pale kwenye kizuizi cha mpakani, yule mwanamke analalamika kuwa anasikia kitu kinagonga kichwani kama saa. Hakuna anayemjali.

Nimeionyesha kwa vijana wanaojifunza kuhariri mara nyingi, na kila mara chumba kinanyamaza mbuzi wanapotokea. Mbuzi! Hakuna aliyeshika bunduki.

Kampuni iliyotoa filamu ilirundika majina ya waigizaji juu ya shoti hiyo na kuweka muziki wa kuvutia. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 kulalamikia jinsi filamu yake ilivyohaririwa. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata waraka huo: majina yakaondoka, na badala ya muziki mmoja tunasikia redio na vilabu vya mtaani, sauti zikija na kupotea gari linavyosogea. Kama utaitafuta, tafuta hiyo.

Na bango? Bango halisogei, taharuki itatoka wapi?

Panapotoka palepale. Chukua bango la *Jaws*, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Juu, mwanamke anaogelea. Chini yake papa anapanda wima, mdomo wazi, meno yamejaa. Roger Kastel aliichora picha hiyo kwanza kwa ajili ya jalada la riwaya ya Peter Benchley, kisha ikapelekwa kwenye filamu. Watu husifu yale meno. Mimi huwa natazama mikono ya yule mwanamke: anaogelea kwa raha zake, uso kauelekeza mbele. Hilo ndilo bomu chini ya meza. Maji ndiyo meza, na sisi peke yetu ndio tunaoona juu na chini kwa pamoja.

Sasa angalia filamu yenyewe inavyoanza. Ni usiku, msichana anaingia baharini, na kamera inamtazama kutoka chini, miguu yake ikipiga maji. Ni bango lilelile, ila papa ameondolewa. Hatumwoni vizuri mpaka zaidi ya saa nzima ipite. Sehemu ya sababu ni ya kiufundi: papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika baharini kila mara, ikabidi Spielberg atafute njia ya kupiga picha bila yeye. Lakini mtazamaji amekuja na papa wake kichwani, kampewa na bango mlangoni.

Kuna mabango yanayoonyesha uso tu. Hayo yanasema nini?

Inategemea kuna nini usoni. Kwenye *The Silence of the Lambs* ya 1991 uso wa Jodie Foster umefifia, na nondo amekaa juu ya midomo yake. Mdomo umezibwa, kwa hiyo jina la filamu umelisoma hata kabla ya maandishi. Sogea karibu zaidi: fuvu lililo mgongoni mwa mdudu huyo limeundwa kwa miili ya wanawake saba, wazo lililochukuliwa kutoka picha ambayo Philippe Halsman alipiga pamoja na Salvador Dalí mwaka 1951. Halafu katikati ya filamu wachunguzi wanakuta kifukofuko cha nondo kooni mwa marehemu. Bango lilikuwa limekupa ushahidi mkononi, nawe hukujua ni ushahidi.

Tangu utoto tumeambiwa stelingi hafi. Kaida hiyo inaweza kuvunjwa?

Inaweza, na aliyeivunja vibaya kuliko wote ni Hitchcock katika *Psycho*, 1960. Filamu inafunguka kama jalada la polisi: mji wa Phoenix, Ijumaa, tarehe 11 Desemba, saa nane na dakika 43 mchana. Kamera inapenya dirishani, inamkuta Janet Leigh. Jina lake kubwa, sura yake iko kwenye bango, anaiba dola 40,000, tunamfuata njia nzima tukihofia atakamatwa. Saa moja haijatimia anauawa bafuni. Ndiyo maana Hitchcock alitaka mtu asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza. Aliyechelewa angekaa anamsubiri stelingi aliyekwisha kufa.

*Se7en* ya David Fincher, 1995, ilicheza upande wa adui. Katika majina ya mwanzoni, kazi ya Kyle Cooper, tunaona mikono tu: wembe unachuna ngozi ya ncha za vidole, uzi unashona kurasa za daftari. Mwenye mikono hatajwi, wala bangoni hayumo. Jina la Kevin Spacey, aliyemwigiza adui huyo, linakuja mwishoni, mambo yakiwa yameisha.

Natengeneza filamu yangu ya kwanza. Kava liwe na sura ngapi?

Moja, au hakuna. Huniuma kuona kava zetu nyingi zimebeba sura kumi, moto, bastola, na atakayeuawa dakika ya 40 ameshawekwa pale ndani ya jeneza. Kazi ya mwaka mzima inavuja mlangoni.

Tuseme hadithi yako ni ya kikoba ambacho fedha zake zinaibwa. Usichore mwizi. Chora kisanduku cha fedha chenye kufuli tatu kama tunavyokijua, mbili zimefungwa, ya tatu inaning'inia wazi.

Na mwanzo? Usiku, mkono unakandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni, unautoa, unaufuta kwa kanga. Kata. Asubuhi, chini ya mwembe, akina mama wanahesabu fedha kwa sauti, wanapiga makofi, washika funguo watatu wanasimama mmoja mmoja. Acha kamera hapo. Usikate upesi. Kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwenyekiti anajaribu kila moja kwa mkono kuhakikisha imeshika.