Kompyuta yenye nguvu hula stima kiasi gani? Hesabu kwa wapangaji wanaotumia mita moja

Katika ploti nyingi za kaunti hii, mita ya stima ni moja na wapangaji ni wengi. Kila nyumba hutoa mchango wake mwanzo wa mwezi, tokeni zinanunuliwa, na mambo huenda shwari hadi siku mpangaji mmoja anapoleta kompyuta kubwa ya mezani. Mara nyingi ni kijana anayehariri video za harusi, anayechora ramani za majengo, au anayecheza michezo ya kompyuta na wenzake hadi usiku wa manane. Tokeni zilizokuwa zikifika mwisho wa mwezi sasa zinaisha tarehe 18. Mama wa nyumba ya pili anasema ni kompyuta. Kijana anaapa kwamba kompyuta haiwezi kuishinda pasi ya mama huyo. Siku moja mtu anazima swichi kuu kwa hasira, kazi ya mteja inapotea, na majirani hawasalimiani tena.

Ugomvi wa aina hii hauhitaji chifu wala mwenye nyumba kuuamua. Unahitaji kalamu, karatasi na dakika chache mbele ya mita. Kwa kweli pande zote mbili huwa na haki kidogo: kijana yuko sahihi kuhusu pasi, na mama yuko sahihi kuhusu tokeni.

Yuniti moja ni nini

Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kifaa cha wati 100 kitachukua saa kumi kumaliza yuniti moja, na kifaa cha wati 2,000 kitaimaliza kwa nusu saa. Kwa hivyo kujua wati peke yake hakutoshi. Lazima ujue pia muda.

Hapo ndipo pasi inapoonewa. Pasi ya wati 1,200 inatisha ukiisoma maandishi yake, lakini ikitumika nusu saa mara moja kwa wiki haizidi yuniti 2.4 kwa mwezi. Tena pasi hujikata yenyewe ikishapata moto, kwa hivyo hata hizo huenda zisifike. Bafu la maji ya moto la wati 5,000 ni hadithi nyingine. Dakika kumi kila siku ni karibu yuniti 25 kwa mwezi, na hilo halitajwi sana kwenye mikutano ya wapangaji.

Usisome kisanduku, soma kazi

Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kuangalia ndani ya kompyuta, kuona kwenye pawa saplai pameandikwa wati 750, na kupiga hesabu kana kwamba kompyuta inakula wati 750 kila saa. Namba hiyo ni uwezo wa juu wa kisanduku hicho kutoa umeme, kama vile tangi la lita 1,000 lisivyomaanisha kwamba familia inatumia lita 1,000 kwa siku. Kompyuta huchota kile inachohitaji kwa kazi iliyo mbele yake wakati huo.

Vipande viwili ndivyo vinavyokula zaidi: prosesa, na kadi ya michoro inayotengeneza picha za video na michezo. Kadi hizo hutofautiana sana. GeForce RTX 4060 imewekewa kiwango cha wati 115, RTX 3080 wati 320, na RTX 4090 wati 450. Prosesa ya Intel Core i9-13900K inaweza kufika wati 253 ikisukumwa hadi mwisho. Kijana anayetafuta kadi iliyotumika mjini angefaa kuuliza wati zake kabla ya kuuliza bei, kwa sababu kadi kuukuu ya bei nafuu inaweza kumla pole pole kupitia tokeni.

Ongeza hapo kiasi kinachopotea. Pawa saplai hubadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaotumika ndani, na katika kubadilisha huko sehemu hugeuka joto. Zile zenye alama ya 80 Plus Gold hupitisha angalau asilimia 90 zikiwa zimebeba nusu ya uwezo wake. Maana yake, vipande vya ndani vikihitaji wati 300, ukutani zitatoka kama wati 333. Zile zisizo na alama yoyote, zinazouzwa bila boksi, hakuna anayeweza kukuhakikishia.

Pima mwenyewe

Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila yuniti, kwa kawaida 1,000 au 1,600. Zima kila kitu isipokuwa kompyuta na skrini yake. Anzisha kazi nzito ya kawaida, mathalani kutoa video iliyohaririwa, kisha hesabu mimweko kwa dakika sita, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya saa. Kwa mita ya 1,000, ukipata mimweko 40 jua kwamba saa nzima ingetoa 400. Hiyo ni yuniti 0.4 kwa saa, yaani kompyuta inachota wati 400.

Kama mita iko juu ya nguzo, tumia kile kidude cha kuingizia tokeni kilichoko ndani ya nyumba. Soma yuniti zilizobaki, fanya kazi saa moja, soma tena. Ni vyema majirani wawepo wakati wa kupima. Namba iliyoonwa na watu wanne haibishaniwi.

Tuseme kipimo kimetoa majibu haya, ambayo ni ya kawaida kwa kompyuta yenye nguvu ya wastani pamoja na skrini: wati 400 kwa kazi nzito, wati 100 kwa kuandika na kuperuzi intaneti, na wati 3 ikiwa imelazwa usingizi. Kijana hufanya saa nne za kazi nzito kwa siku, yaani yuniti 1.6. Saa nne za kazi nyepesi ni yuniti 0.4. Saa 16 za usingizi hazifiki hata yuniti 0.05. Kwa siku inakuwa karibu yuniti 2.05, na kwa siku 30 ni yuniti 61.4.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Kijana huyo huyo asipoilaza kompyuta, akazima skrini tu na kwenda kulala, kompyuta inaweza kuendelea kuchota kama wati 70 bila kufanya lolote. Saa 16 kwa wati 70 ni yuniti 1.12 kwa siku, au yuniti 33.6 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi yake yote ya kulipwa, na ni stima iliyopashia chumba joto tu. Skrini nyeusi humfanya mtu aamini kwamba amezima. Taa ya kisanduku na sauti ya feni ndizo zinazosema kweli.

Bei hupanda kwa wote

Bei ya stima haipangwi na serikali ya kaunti. Katiba ya 2010 iliipa kaunti sehemu ya mipango ya nishati na usambazaji, lakini viwango vya malipo huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, na Kenya Power ndiyo hutoza. Wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaotumia 31 hadi 100, na wanaopita 100. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, bei ya msingi ya yuniti moja ilikuwa Sh12.22 kwa kundi la kwanza, Sh16.30 kwa la pili na Sh20.97 kwa la tatu. Juu ya hapo kuna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ada kadhaa na VAT. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, kwa hivyo namba hizi ni za kujifunzia hesabu.

Ukiingia kundi la juu, bei hiyo hutozwa kwa yuniti zako zote. Si zile za ziada peke yake. Hapa ndipo kompyuta inapogusa hata taa za watu wengine.

Chukua kwanza mtu mwenye mita yake. Ana taa nne za wati 9 zinazowaka saa tano, runinga ya wati 60 kwa saa sita, na kifaa cha WiFi cha wati 10 usiku na mchana. Jumla yake ni yuniti 23.4 kwa mwezi, kundi la kwanza, Sh286 kwa bei ya msingi. Aongeze kompyuta ya yuniti 61.4 na anafika 84.8. Sasa analipa Sh1,382. Nyongeza ni Sh1,096, na katika hizo, karibu Sh95 ni za taa, runinga na WiFi zile zile alizokuwa nazo.

Sasa rudi kwenye ploti. Nyumba nne, kila moja yuniti 20, jumla 80. Kundi la pili, Sh1,304 kwa bei ya msingi, Sh326 kwa kila nyumba. (Wangekuwa na mita zao, kila nyumba ingekuwa kundi la kwanza na ingelipa Sh244. Mita moja tayari inawagharimu hata kabla kompyuta haijafika.) Kompyuta ikiingia, mita inasoma 141.4 na ploti nzima inahamia kundi la tatu. Malipo yanakuwa Sh2,965. Yamepanda kwa Sh1,661.

Wakigawana sawa kwa nne, kila nyumba italipa Sh741, na majirani watatu watakuwa wamelipia kazi ya mtu mwingine. Kijana akisema atalipia yuniti zake 61.4 tu, hizo ni Sh1,288, na bado kuna Sh374 zinazobaki, ambazo ni nyongeza ya bei kwenye yuniti 80 za zamani. Hiyo ndiyo pesa inayozua kelele, kwa sababu kila mtu anaihisi mfukoni na hakuna anayeiona kwenye mita. Hesabu ya haki ni wote waendelee kulipa Sh326 kama zamani, na mwenye kompyuta aongeze Sh1,661 yote, kwa kuwa bila kompyuta hakuna hata shilingi yake ambayo ingelipwa. Nyumba nyingine ikija na friji, hesabu ifanywe upya kwa kanuni hiyo hiyo.

Kujua bei yenu halisi ni rahisi. Ujumbe wa tokeni huonyesha pesa zilizolipwa na yuniti zilizopatikana. Gawanya ya kwanza kwa ya pili na utapata bei ya yuniti moja pamoja na ada na kodi zake zote. Hiyo ndiyo ya kutumia mkikaa kugawana, badala ya bei ya msingi.

Kupunguza bila kuacha kazi

Kijana ana mengi ya kufanya kabla ya kuambiwa auze mashine yake. La kwanza ni kuiweka ijilaze baada ya dakika 15 bila kuguswa, na kuzima soketi ukutani akienda safari. La pili, kadi nyingi za michoro huruhusu kuwekewa kikomo cha umeme kupitia programu yake. Kushusha hadi asilimia 75 au 80 kwa kawaida hupunguza kasi kidogo tu, huku wati zikishuka kwa kiasi cha kuonekana. Wachezaji wanaweza kuweka kikomo cha idadi ya picha kwa sekunde; skrini ya picha 60 haiwezi kuonyesha picha 150, lakini kadi isipozuiwa itazitengeneza zote na kuzitupa.

Kazi ya kuandika, barua pepe na masomo ya mtandaoni haihitaji mashine hii. Kipakatalishi chenye chaja ya wati 65 hakiwezi kuchota zaidi sana ya hapo hata kikitumika kwa nguvu zote. Na kwa wanaoishi nyumba za mabati, ifahamike kwamba karibu stima yote inayoingia kwenye kompyuta hutoka ikiwa joto. Wati 400 ndani ya chumba kimoja ni sawa na kuwasha hita ndogo, kisha feni nayo inawashwa kuifukuza.

Kwa wenye nyumba, njia ya kumaliza maneno kabisa ni kila mpangaji kuombewa mita yake kutoka Kenya Power. Ikishindikana, fundi mwenye leseni ya EPRA anaweza kufunga mita ndogo kwa kila chumba ili angalau yuniti za kila mmoja zijulikane, ingawa kundi la bei litaendelea kufuata mita kubwa.

Wanaoanza kupunguza leo wasikate tamaa tokeni za wiki ijayo zikiwa bei ile ile. Kundi la mteja hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, kwa hivyo kupanda huchelewa na kushuka pia huchelewa. Tunzeni ujumbe wa tokeni wa miezi hiyo yote, na ule wa mwezi wa nne muulinganishe na wa kwanza.