SOMO LA LEO: FILIMBI IWE SHINGONI, SIYO KIKAPUNI



Sisi wa Songea tumezoea milima ya Matogoro na mashamba ya mahindi. Lakini mkoa wetu wa Ruvuma una maji makubwa pia. Ukipita Mbinga ukateremka hadi Mbamba Bay, unafika Ziwa Nyasa. Kina chake kinafikia kiasi cha mita 700. Wengi wetu huenda huko kununua dagaa na mbasa, na wengine hupanda mtumbwi kwenda kijiji cha jirani. Je, tuchukue vifaa gani vya kujiokoa na kuitia msaada?

Tusiseme, "Aa, ni hapa karibu tu." Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikiwa karibu kufika gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Nchi kavu walikuwa wanaiona.

1. Jaketi okozi. Hili ndilo la kwanza kununua. Likubane vizuri. Livae, funga kamba zote, kisha mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno. Mtoto avae la mtoto. Dumu tupu husaidia kuelea, lakini mikono ikichoka utaliachia. Jaketi halikuachi.

2. Filimbi. Bei yake ni ndogo. Ukipiga kelele, sauti inakauka upesi. Filimbi inasikika mbali zaidi, na mtu aliyechoka bado anaweza kuipuliza.

3. Kioo kidogo. Mchana wa jua, kioo huonekana mbali sana. Nyosha mkono mmoja, tanua vidole viwili, na chombo unachokiita kiwe katikati ya vidole hivyo. Kisha elekeza mwanga wa kioo kwenye vidole.

4. Tochi isiyoingia maji. Usiku, washa mara tatu kwa ufupi, mara tatu kwa urefu, tena mara tatu kwa ufupi. Alama hii inajulikana dunia nzima: tunahitaji msaada.

5. Simu. Ifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Lakini ziwani mtandao hukatika. Kwa hiyo simu isiwe tegemeo la pekee.

Je, tuviweke wapi? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tuchukue mfano. Filimbi imo kikapuni, tochi iko chini ya kiti, na jaketi tumelikalia kama mto. Wimbi linakuja, mtumbwi unapinduka. Kikapu kimekwenda, tochi imezama, jaketi linaelea kule. Vifaa tulikuwa navyo, lakini havikutufaa kitu. Basi tushike neno hili: kifaa kilichofungwa mwilini ndicho chako. Jaketi livaliwe kabla ya kupanda. Filimbi, kioo na tochi vifungwe kwa kamba kwenye jaketi.

Mtumbwi ukipinduka, ushikilieni. Mtumbwi wa mti mara nyingi huelea hata ukijaa maji, na huonekana upesi kuliko kichwa cha mtu. Ukiona chombo, puliza filimbi. Mwenye jaketi anyoshe mikono pande zote mbili, aipandishe na kuishusha polepole.

Jambo la mwisho halina bei. Mwambie mtu wa ufukoni unakwenda wapi, mko wangapi, na mtarudi saa ngapi. Bila yeye, filimbi inamlilia nani? Tena sikiliza redioni utabiri wa hali ya hewa, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu.

Na kama mwenye mtumbwi hana jaketi la kukupa, usipande. Siyo woga. Dagaa watakuwapo kesho, na wewe uwepo pia.

MASWALI
1. Kwa nini dumu halitoshi?
2. Filimbi ifungwe wapi? Kwa nini?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua saa ya wavuvi kurudi? Zungumzeni.