Utando wa Wanga wa Muhogo kwa Kufungia Vyakula

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Vifungashio vya plastiki vya vyakula vilivyosindikwa viliachwa nje ya katazo hilo. Yafaa makatibu watofautishe mambo haya mawili kabla ya kuwasikiliza wauza mashine, kwani neno "plastiki imekwisha" huuza mashine nyingi.

Muhogo wa Mkuza, kama wa Kibaha na Kisarawe kwa jumla, takriban robo ya uzito wake ukiwa mbichi ni wanga. Wanga huo waweza kufanywa utando mwembamba wa kufungia chakula, nao ukitupwa shambani huliwa na vijidudu vya udongo. Muhogo humenywa, huoshwa, hukunwa, huchujwa kwa maji mengi, kisha maji huachwa yatulie mpaka wanga uzame. Uoshaji huu usifanywe kwa haraka, hasa kwa muhogo mchungu, maana ndio unaoondoa sumu.

Gramu 5 za wanga mkavu hukorogwa katika mililita 100 za maji pamoja na gramu moja na nusu ya gliserini, kisha hupashwa moto. Karibu nyuzi 70 za Selsiasi mchanganyiko hugeuka kutoka weupe wa maziwa kuwa rojo lang'avu. Mpishi yeyote wa uji wa muhogo anaijua hali hiyo. Rojo humiminwa jembamba juu ya sinia bapa, nalo likikauka hubanduliwa kama karatasi. Pasipo gliserini utando huvunjika kama ukoko wa sufuria, ikizidi, hunata.

Mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba huongezwa matone machache, kwa kuwa eujenoli iliyomo huzuia ukungu na bakteria. Lakini mafuta na maji havipatani, hivyo yasipokorogwa sana hujitenga. Na yakizidi, chakula chote hunukia karafuu.

Udhaifu mkubwa uko kwenye maji. Utando mkavu huzuia vizuri mafuta na hewa, ila hunyonya unyevu, hulegea na kuupitisha ndani. Kwa kashata zinazoliwa siku ileile wafaa. Kwa korosho za Kisarawe zinazosafirishwa wakati wa masika, haufai peke yake. Watafiti huuchanganya na kitosani, itokayo katika maganda ya kamba, au huupaka nta ili kupunguza kasoro hiyo. Gharama nayo hupanda.

Muuzaji akifika, aombwe kipande cha utando wake. Kifungiwe korosho zilizokaangwa, na nyingine zifungiwe plastiki ya kawaida; zote zikae ofisini majuma mawili ya mvua, kisha wanachama wazitafune. Aulizwe pia kama utando huo huoza shimoni mwa kawaida, maana vitu vingine vinavyoitwa "vya kuoza" huhitaji joto la nyuzi kama 60 katika mitambo maalumu, na vingine humeguka tu vipande vidogo vya plastiki.

Akitoa majibu ya kuridhisha, bado kipimo cha Shirika la Viwango Tanzania kitangulie. Mkopo wa mashine nao usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Chama kisichotaka kuingia humo chaweza kuanza na wanga mkavu wenyewe, ambao viwanda vya nguo, karatasi na vyakula huutumia.