Spidi 50 ni mita ngapi?

Leo tunafanya hesabu, lakini usifunge ukurasa. Hii ni hesabu ya uhai wako.

Umesimama kando ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, unataka kuvuka. Gari linaonekana kule mbali. Unajisemea, "Nawahi." Je, kweli unawahi?

Tatizo liko kwenye vipimo. Spidi ya gari husomwa kwa kilomita kwa saa. Lakini wewe unayevuka huna saa nzima, una sekunde chache tu. Kwa hiyo badili vipimo kwanza.

NAMNA YA KUBADILI

Kilomita 1 ni mita 1,000. Saa 1 ni sekunde 3,600. Gawa 3,600 kwa 1,000, unapata 3.6. Basi shika hivi:

• Kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde: gawa kwa 3.6.
• Mita kwa sekunde kwenda kilomita kwa saa: zidisha kwa 3.6.

Sheria ya Tanzania inasema mwisho wa spidi kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. 50 ÷ 3.6 = 13.9. Yaani karibu mita 14 kila sekunde!

Ni nyingi? Linganisha na Filbert Bayi wetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hiyo ni mita 7.07 kwa sekunde, au kilomita 25.4 kwa saa. Gari la spidi 50 linakwenda karibu mara mbili ya Bayi. Na wewe una mkoba mgongoni!

SASA TUVUKE

Barabara ina upana wa mita 14. Unatembea mita 1.4 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 5 kwa saa. Utatumia sekunde 10.

Gari liko mita 100, kama urefu wa kiwanja cha mpira. Kwa spidi 50 litafika baada ya sekunde 7.2. Wakati huo umetembea mita 10 tu, bado uko barabarani. Dereva akikanyaga mafuta hadi 80, litafika kwa sekunde 4.5.

"Si atafunga breki?" Labda. Lakini kuona hatari mpaka mguu ufike kwenye breki huweza kuchukua sekunde 1.5. Kwa spidi 50 gari limeshakula mita 21 kabla halijaanza hata kupunguza mwendo.

Na ukigongwa? Mtu anayeanguka kutoka juu karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu hivi, hufika chini kwa spidi hiyo hiyo ya 50. Jamani, hapo hakuna mchezo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

ANGALIA MTEGO

Magari mengine yaliyotumika Uingereza husoma maili kwa saa. Maili 1 ni kilomita 1.6. Mshale ukiwa kwenye 50, gari linakwenda kilomita 80!

UFANYEJE?

Vuka kwenye zebra, lakini subiri gari lisimame kabisa. Usikatize njia ya mabasi ya mwendokasi bila kutazama pande zote mbili. Usitokee ghafla nyuma ya daladala, maana dereva anayekuja hakuoni.

ZOEZI

Bodaboda iko mita 60 kutoka kwako, spidi 54. Barabara ina upana wa mita 7. Uvuke?

Jibu: 54 ÷ 3.6 = 15. 60 ÷ 15 = sekunde 4. Wewe unahitaji 7 ÷ 1.4 = sekunde 5. Usivuke. Iache ipite.