Kilo 23, Wiki Sita London: Panga Mzigo na Malipo Mapema

Kwa wengi wetu, safari ya ng'ambo si ya kila mwaka. Mama anaenda London kumwona binti aliyejifungua, atakaa wiki sita, na nauli imechangwa na ukoo mzima kupitia simu. Halafu pale JKIA mizani inasoma kilo 29, foleni nyuma inanung'unika, na pesa za matumizi zinaanza kuisha kabla hajapanda ndege. Tuchukue safari hiyo kama mfano: kwanza mzigo, kisha kulipa na kutembea akishafika.

Soma tiketi kabla ya kulipa

Tafuta sehemu ya mizigo kwenye tiketi. Ukiona 2PC, maana yake ni mabegi mawili, na katika daraja la kawaida kila moja kwa kawaida lina kikomo cha kilo 23. Ukiona 30K, hapo wanahesabu jumla ya kilo 30. Tofauti hii ndiyo inayowagharimu watu. Mtu mwenye 2PC hujiambia, "Nina kilo 46, nitajipanga." La hasha. Begi moja likiwa kilo 30 na la pili kilo 16, jumla bado ni 46, lakini lile zito utalilipia. Na likizidi kilo 32, mara nyingi hawalichukui kabisa. Utalifungua hapo hapo sakafuni na kupunguza.

Tiketi za bei ya chini kabisa wakati mwingine hazina begi hata moja la kupakia, kwa hivyo linganisha nauli pamoja na mzigo. Kama unajua utahitaji begi la ziada, linunue kwenye tovuti au programu ya shirika lenyewe siku kadhaa kabla. Kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta. Usimtumie pesa mtu wa WhatsApp anayedai "anauza kilo". Na kama una tiketi mbili tofauti za kuunganisha ndege, fuata kipimo cha shirika lenye masharti makali zaidi.

Kupima si kazi. Panda kwenye mizani ukiwa umebeba begi, kisha panda bila begi, utoe. Kumbuka sanduku kubwa likiwa tupu tayari lina kilo tatu hadi tano.

Sasa, unga. Tunajua binti ameagiza. Pakiti sita za kilo mbili ni kilo 12, zaidi ya nusu ya begi, na unga wa mahindi unapatikana London kwenye maduka ya Waafrika. Kwa maoni yetu, nafasi hiyo ipe majani ya chai, viungo, leso na kiondo, vitu ambavyo akivifungua atalia kidogo. Nyama na maziwa ya kutoka Kenya haviruhusiwi kuingia Uingereza, hata viwe vimekaushwa vizuri namna gani au ni mursik ya nyumbani. Matunda na mboga mbichi nyingi zinahitaji cheti cha afya ya mimea, la sivyo zitaishia kwenye pipa la forodha.

Pawabenki haipakiwi, ibebe mkononi. Adapta acha: soketi za Uingereza ni za pini tatu kama zetu.

Pesa zako zikiwa ng'ambo

PIN yako ya pesa za simu haitalipia mkate kwenye duka la London. Utahitaji kadi. Hapa kuna jambo dogo linalosahaulika: kadi ya mtandaoni iliyo na namba tu hulipia tiketi na hoteli kwenye tovuti, lakini huwezi kuigusisha kwenye mashine. Kabla ya kuondoka, hakikisha una kadi halisi ya kugusisha inayokubali malipo ya nje, na uijaribu dukani hapa nyumbani.

Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa pauni, chagua pauni. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, na mara nyingi hakikufai.

Laini yako ya Kenya isitupwe kwenye droo. Washa huduma ya kuitumia nje, zima data yake, na uiache ipokee SMS za uthibitisho. Usimwachie mtu PIN ili "akulipie stima". Mtumie pesa, alipe kwa simu yake.

Kutembea bila kumaliza akiba

Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi unapopanda, basi. Kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha kuingia na kutoka. Tumia kadi ile ile siku nzima, kwa sababu mfumo una kikomo cha nauli cha siku. Ukichanganya kadi na simu, unahesabiwa kama watu wawili na kikomo hakikufikii. Mama na binti hawawezi kushiriki kadi moja. Kwa mabasi, ndani ya saa moja tangu ugusishe mara ya kwanza, unaweza kubadilisha basi bila kulipa tena.

British Museum, National Gallery na Natural History Museum, yenye mifupa ya nyangumi mkubwa iliyoning'inizwa ukumbini, hazitozi kiingilio, ingawa maonyesho maalumu hulipiwa. Basi namba 15 kutoka Trafalgar Square hupita St Paul's na Tower of London kwa nauli ya kawaida, na ukikaa ghorofa ya juu mbele unaona kila kitu. Siku ya jua nenda Greenwich: bustani ni bure na ukiwa kilimani jiji lote liko mbele yako. Ndani ya Royal Observatory ndipo wanapolipisha.

Siku ya kurudi, pima mabegi tena, maana zawadi nazo zina kilo. Na mifuko ya plastiki ya kubebea iache huko huko. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017.