Somo: Eneo la Wazi Lina Mwenyewe

Uwanja wa wazi haupotei kwa siku moja. Kwanza hujengwa kibanda. Kisha humwagwa rundo la matofali ambalo mwenyewe ameomba aliweke kwa wiki mbili tu. Kisha huchimbwa msingi. Watoto huhamia barabarani na mpira wao, na mzee anayehoji huulizwa: kwani hapa ni pako? Wengi hunyamaza wakidhani kwamba mahali pasipo na nyumba hapana mwenyewe. Sheria haisemi hivyo.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga maeneo yao. Mchoro wa mipango miji ukishaidhinishwa, kila kiwanja huwa na matumizi yake: makazi, biashara, shule, maziko, michezo. Kiwanja cha michezo ni matumizi kamili kama yalivyo mengine. Kwa wakazi wa Mbamba Bay na Liuli kuna ulinzi wa ziada: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufuko wa ziwa au ukingo wa mto. Ufuko huo ndio mahali pa kuanikia dagaa, kushonea nyavu na kuvutia mitumbwi, na tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga, thamani ya viwanja vya kando ya ziwa imekuwa kishawishi kikubwa.

Mjini Mbinga hoja ni ya maji zaidi. Wamatengo walikwisha kulijua jambo hili kwenye miteremko yao: shamba la ngolo, lenye mashimo yaliyozungukwa na matuta, huyapa maji ya mvua mahali pa kutulia ili yasibebe udongo. Mji uliojaa mapaa ya bati na nyua za saruji hauna shimo la ngolo hata moja. Nyasi na miti iliyobaki ndiyo inayofanya kazi hiyo, na ikiondolewa, maji huteremka yote kwa jirani wa chini.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa Nairobi. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, alianza kwa barua tu, akiuliza maswali. Bungeni alikejeliwa, na mahakamani kesi yake ilitupwa. Hata hivyo maswali yake yaliwafikia wafadhili wa nje, nao wakasita. Mradi ukaachwa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa. Bustani ingalipo.

Mkazi wa Mbinga au Nyasa hahitaji kuanzia mbali hivyo. Afike ofisi ya ardhi ya halmashauri yake, aombe kuonyeshwa mchoro wa mtaa wake, kisha azitafute bikoni za uwanja akiwa na mwenyekiti na majirani. Bikoni iliyong'olewa itajwe kwenye mkutano wa mtaa na kuandikwa katika muhtasari, mapema, rundo la matofali likiwa bado rundo.